Maua ya Maboga ya Masika

Nakumbuka tulivyokuwa wadogo kule Kibumba, kijijini kwetu milimani: hakuna mtoto aliyengoja mwalimu amfundishe ua. Dada yangu mkubwa, Masika, alitutoa kitandani alfajiri, baridi ikiuma masikio, twende tukazalishe maboga. Kwetu nyuki walikuwa wavivu wa baridi, kwa hiyo kazi yao tuliifanya sisi.

Ua dume lina kikonyo kirefu, na katikati yake stameni imejaa chavua, vumbi la njano lililotubakia vidoleni hadi shuleni. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo chini ya petali. Hiyo ndiyo ovari, na ndani yake mna ovyuli, mbegu za kesho. Masika alichuma ua dume, akabandua petali zake, akapaka chavua juu ya stigma inayonata ya ua jike. "Polepole! Munapaka tu, hamupigani," alitukemea. Chavua ikishusha mrija wake hadi kwenye ovyuli, boga linashika. Usipofika, kiboga kinanyauka na kuanguka. Kisha alifunga mdomo wa ua kwa uzi mwekundu wa sweta kuukuu, mvua isije ikaosha kila kitu. Watoto wa leo wanaitaja pistili, yaani stigma na ovari pamoja, vizuri kwenye mtihani, lakini waulize boga linatoka wapi: watakwambia sokoni Birere, ndani ya gunia.

Vita vikaja, tukakimbilia Goma. Barabarani, katika msongamano ule, Masika akatuponyoka. Kambini huko Goma Papa alimtafuta hema kwa hema bila kumpata. Tuliporudi Kibumba, nyumba haikuwa na bati, mizinga ya nyuki ya jirani ilikuwa imechomwa, na hata nyuki mmoja hatukumsikia. Maboga yalikuwa yamejiotea. Na maua jike yote yalikuwa yamefungwa uzi mwekundu, chavua bado mbichi kwenye stigma.

Mama akapaza sauti: "Masika, mutoto yangu, toka! Ni sisi!" Hakutoka mtu. Kila alfajiri tulikuta maua ya siku hiyo yamekwisha kufungwa. Niliogopa mpaka nikakataa kwenda shambani peke yangu. Papa alitazama majani yaliyojaa umande usioguswa, akasema chinichini, "Mutu mwenye uzima akipita, umande inaanguka. Tumulilie, Mama Masika." Mama alikataa matanga. Maboga yakashika, makubwa kweli, naye akayala kwa furaha. Sisi tuliyaacha sahanini.

Vita viliporudi, Papa alifunga mizigo. Mama akaketi shambani. "Muende na batoto. Masika akirudia, atakuta nani?" Papa alimbembeleza mpaka risasi zikakaribia, tukamwacha. Hatukumwona tena, na mpaka leo moyo unaniuma.

Sasa naishi Mabanga, mjini Goma. Enzi zetu aliyepotea njiani alipotea. Watoto wangu wana simu mfukoni na wanaiona adhabu. Binti yangu akichelewa kutoka shule nampigia mfululizo, naye ananijibu kwa kununa: "Mama, niko mu njia!" Nakata simu, nakaa chini. Mama yangu alibaki kule Kibumba akingoja maneno hayo tu.