Ng'ombe Watano wa Kwenye Simu

Asubuhi ile Waisiko alikuwa anakoroga uji na kugombana na jogoo. Simioni alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa zizi, akisubiri ng'ombe wamalize kulamba chumvi awatoe. Hapakuwa na jambo lolote. Umande ulikuwa mwingi, kama kawaida ya Nyarero miezi ile.

Mjukuu wao Wegesa, wa miaka mitano, alitoka ndani bila viatu, akapanda kwenye mti wa chini wa ua wa zizi, akaanza kuimba. Kila akitaja namba, alinyoosha kidole.

"Ng'ombe watano wako zizini, mmoja katoka, kaenda zake. Wamebaki wanne."

Simioni akacheka. "Mke wangu anajua hesabu," alisema. Ndivyo alivyomwita, kama mababu wote wanavyowaita wajukuu.

Mtoto akaendelea. Watatu. Wawili. Alipofika kwa mmoja, Waisiko aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaja.

"Umeimba nini?"

"Wimbo wa kwenye simu, bibi."

"Unaishaje?"

"Mmoja katoka, kaenda zake. Zizi liko tupu."

"Na umewanyooshea kidole ng'ombe wa babu yako?"

Wegesa akakificha kidole mgongoni.

Kwao mtu hahesabu ng'ombe kwa kidole. Mwenye ng'ombe anawajua kwa rangi na kwa pembe. Jioni akiwaangalia, anajua nani hayupo. Wanaohesabu ni mwizi na mnunuzi, na wote wawili wakija, zizi linapungua. Hata wageni kutoka mbali huonywa. Sasa mtoto wa nyumbani alikuwa amewahesabu, tena kwa kuwatoa mmoja mmoja mpaka wakaisha.

"Mwambie asiimbe," Simioni alisema. "Basi."

"Nimwambie asiimbe, na simu inaimba?"

"Ni wimbo tu, Mama Kisyeri."

"Wimbo unaomaliza zizi si wimbo. Ni laana yenye ngoma."

Akamimina uji, akawapa watoto, Wegesa na mdogo wake Robi. Yeye hakunywa. Alimpa Wegesa simu atoe ile kadi ndogo inayotunza video, kwa sababu vidole vya mtoto ndivyo vilivyoweza, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kuifuta ile video hakuna aliyejua pale nyumbani. Aliyejua ni Tonny, kijana wa Kijaluo kutoka upande wa Sirari, mwenye kibanda cha kurushia watu nyimbo na video kwenye simu kule Nyamongo. Nikodemo wa bodaboda alikuwa anapita na abiria wa mgodini, akasimamishwa.

Waisiko alipokuwa anapanda, alimgeukia mumewe. "Na wewe mzee, nikuletee video gani?"

"Niletee ya mwanamke anayenyamaza."

"Hiyo hawajaitengeneza."

Nikodemo akacheka mpaka pikipiki ikayumba. Wakaondoka. Simioni akatoa ng'ombe.

* * *

Simu yenyewe ililetwa na Kisyeri, mtoto wao. Mwaka ule watu walisema dhahabu imetoka juu juu, ya kuokota, na rashi ya kukimbilia machimbo ya Nyamongo ikaanza. Kisyeri alikwenda siku za kwanza. Mkewe naye akamfuata, halafu akamfuata mchimbaji mwingine aliyekuwa na duara, shimo la kuchimbia, lenye mawe mazuri zaidi. Watoto wakaletwa Nyarero na simu ya kupangusa, kama mtu anavyoleta mbuzi na kamba yake.

Waisiko aliwapeleka chekechea. Walisoma hapo muda mfupi tu. Siku moja walikuta mlango umefungwa. Mwalimu naye alikuwa ameenda kwenye rashi kuuza maandazi. Wazazi wakamtukana wiki nzima, halafu nusu yao wakamfuata.

"Watasoma hapa," Waisiko alisema.

"Nani atawafundisha?" Simioni aliuliza. Yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja.

"Simu."

Akamcheka. Waisiko hakucheka. Yeye aliingia darasa la kwanza akiwa hajui neno la Kiswahili. Alipoomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kikurya, darasa zima lilicheka, mwalimu pia. Akajikojolea palepale. Hakurudi. Alikuwa na miaka nane, na alipokuwa na sitini bado alilisema jambo lile kwa sauti ya chini. Wegesa alikuwa aingie darasa la kwanza mwezi wa kwanza. Waisiko alitaka aingie akijua kusalimia, kuhesabu, na kuomba ruhusa. Hakutaka kingine.

Tonny alimjazia kadi mara ya kwanza bila kuuliza. Waisiko alikaa jikoni na simu imeegemezwa kwenye chungu, akamenya mihogo huku anaangalia video moja baada ya nyingine, mpaka mwisho, kabla watoto hawajaonyeshwa hata moja. Alizionja kama mtu anavyoonja dawa ya mtoto. Simioni alikuwa anamsikia akizisema.

"Huyu anaongea kama anafukuzwa. Hapana."

"Hawa wanacheka mzee kaanguka. Hapana."

Iko iliyokuwa na mamba wa kijani, anacheza na watoto majini, anacheka. Hiyo alimwita mumewe aje aone. "Baba Kisyeri, umewahi kuona mamba anacheka?"

"Akishashiba."

"Na Mto Mara uko pale. Hapana."

Iliyompendeza ilikuwa ya mama mmoja mnene aliyekaa kwenye mkeka. Anashika embe, anauliza, "Hili ni nini?" Halafu ananyamaza. Ananyamaza muda mrefu, anaangalia tu, mpaka mtoto aliye upande huu wa kioo aseme. "Huyu ana adabu," Waisiko alisema. "Anamsubiri mtoto." Kwa yule mama mnene Wegesa alijifunza embe, kijiko, kikombe, naomba, samahani. Robi, ambaye alikuwa bado anakula matope, alijifunza kusema "shikamoo" na akaanza kumwamkia hata mbwa.

Zile mbaya zilirudishwa Nyamongo. Tonny akafuta, akaweka nyingine, Waisiko akaonja tena. Vijana wa pale walimpa jina: Bibi Mkaguzi. Hakujali.

Ile ya ng'ombe ndiyo pekee iliyompita. Aliiangalia, ng'ombe wazuri, wamenona, mmoja ana baka jeupe kama wa kwao. Chaji ikaisha ng'ombe wakiwa bado wanne. Simu ikapelekwa kwa jirani mwenye sola, ikarudi, na kazi zikawa nyingi. Akaiachia.

* * *

Waisiko alikuwa ameshafika kwa Tonny, ameshabadilishiwa video, anarudi. Lori la mawe likapita, vumbi likafunga barabara, na pikipiki nyingine ikatokea ndani ya vumbi. Nikodemo alivunjika mguu. Waisiko aliletwa nyumbani amefunikwa kanga yake mwenyewe. Kadi ilikuwa bado pindoni.

Siku ya maziko watu walijaa. Heche, rika lake Simioni, walitahiriwa siku moja, alikaa karibu naye.

"Mura, alifuata nini kule?"

"Video za watoto."

"Za nini?"

"Za kusoma."

Heche akatema mate chini. "Wenzake wanafia dhahabu," alisema.

Nyuma ya Simioni wanawake walikuwa wananong'ona kwamba mama wa watu kafia katuni. Aliwasikia. Masikio yake yalikuwa mazima bado.

Kisha akamsikia Wegesa. Mtoto alikuwa ameketi chini ya upenu wa nyumba, amempakata Robi, anamwimbia polepole. "Watu wanne wako nyumbani, mmoja katoka, kaenda zake. Wamebaki watatu." Na kidole chake kikawa kinazunguka: babu, Robi, mimi.

Shangazi mmoja akamzaba kofi. Mtoto akanyamaza bila kulia.

"Mwache," Simioni alisema. "Amehesabu sawa."

* * *

Kisyeri alikuja maziko, akaondoka, akarudi matanga yalipokwisha, amevaa buti za mpira na koti jipya.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba."

"Watoto nawachukua."

Simioni alikuwa anakata kamba ya kufungia ndama. Aliendelea kukata. "Mwezi wa kwanza wanaingia shule."

"Nyamongo kuna shule."

"Na nyumbani atawafundisha nani?"

"Kuna mwanamke sasa. Anapikia wachimbaji. Na jirani kuna tivii kubwa, tata, si hiki kisimu. Watajifunza mpaka Kiingereza."

"Mama yako aliwachagulia."

"Mama hayupo."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Simioni akaita wazee wawili, Heche mmojawapo, akitumaini. Mambo hayakuchukua muda. Mama wa watoto alitolewa ng'ombe wa mahari. Walihesabika kwa mdomo wa mshenga, wakapokelewa kwao kule Kenyamonta, hakuna aliyerudishwa. Kwa hiyo watoto ni wa yule ambaye ng'ombe walitolewa kwa ajili yake, na huyo ni Kisyeri.

"Ng'ombe walitoka zizi hili," Simioni alisema.

"Walitoka," Heche alijibu. "Wakishatoka, mura, si wako. Unajua wewe."

Alijua. Angekuwa yeye ndiye aliyeitwa kwa jirani, angesema hivyohivyo.

Kisyeri alichukua simu pia, maana ni yake. Aliipangusa kwenye suruali, akaona haina kadi, akauliza. Simioni akasema hajui. Kadi ilikuwa kwenye kopo lake la ugoro, mfukoni. Watoto wakapandishwa pikipiki, Robi katikati. Robi akamwamkia babu yake, kwa kuwa hakujua neno lingine la kuagia.

* * *

Mwezi wa kwanza ulipopita, Simioni alikwenda Nyamongo. Alikuwa hajafika tangu rashi ianze. Vumbi, karasha za kusagia mawe zinalia, pikipiki kama nzige. Aliuliza mpaka akamfikia yule mkamwana mpya, mwanamke mpole, amechoka, masufuria matatu motoni. Robi alikuwa amechuchumaa anaosha sahani za wachimbaji. Maji yalikuwa meusi.

"Wegesa yuko shule?"

Mwanamke akaangalia chini. "Kisyeri amesema mwakani, baba."

"Yuko wapi?"

Akaonyesha kibanda umiza cha jirani, banda la sinema la mabati yaliyofunikwa turubai. Simioni akainama, akaingia. Ndani giza, moshi wa sigara, wachimbaji wamejaa kwenye mabenchi, kwenye tivii watu wanapigana risasi. Wegesa alikaa benchi la mbele kati ya wanaume wawili, anakula ubuyu, kidole kinanyooka kuelekea kioo.

"Wanane," alisema. "Yule pale wa tisa."

"Huyu ndiye mhasibu wetu," mchimbaji mmoja alimwambia Simioni, akicheka. "Hakosei maiti hata moja."

Simioni akamshika mkono mjukuu wake, akamtoa.

Alimpeleka kwa Tonny. Hakuwa na simu, hakujua pa kuiweka ile kadi, ila alitaka kuona. Miezi yote ile alikuwa amekaa na kitu ambacho mkewe alikifia, na hajui ni nini. Kibanda kilikuwa kidogo, nyaya kila mahali. Simioni akafungua kopo, akapangusa ugoro kwenye kadi, akaiweka mezani.

Kijana akaiangalia, halafu akamwangalia yeye. Akasimama. "Shikamoo mzee. Wewe ni wa yule bibi."

"Marahaba. Ndiyo."

"Pole, mzee."

"Alikuja hapa siku ile?"

"Alikuja. Alikaa hapohapo ulipo." Tonny akaingiza kadi kwenye kompyuta yake. "Alisema nifute ile ya ng'ombe. Nikafuta. Nikataka kumwekea ya magari, akakataa. Alinikalisha muda mrefu, wateja wengine wakaondoka. Nilimkasirikia kidogo, mzee, nisikufiche."

Akabonyeza. Zizi likaonekana, tupu. Ng'ombe mmoja akaingia. Sauti ya mtoto ikasema: mmoja. Akaingia mwingine, kengele shingoni. Wawili. Simioni akasogea karibu. Alikuwa ameamua kuiangalia mpaka mwisho, kama mkewe alivyofanya jikoni. Watatu.

Wegesa alimvuta koti. "Babu, hii ni ya watoto," alisema. "Twende kule, wanakufa wote sasa hivi."

"Subiri."

Mtoto akageuza uso mlangoni, akawa anasikiliza risasi.

Wanne. Watano. Mlango wa zizi ukafungwa, na wimbo ukaisha. Simioni akabaki anaangalia kioo kilichokuwa cheusi.

"Alikuagizaje?" akauliza. "Niambie alivyosema, usiongeze."

Tonny akafikiri. Kisha akamwambia, kwa maneno ya Waisiko mwenyewe:

"Mwanangu, nitafutie ile ambayo ng'ombe wanarudi."