Shahada ya Ibolya Iliyofungiwa Kabatini

Mimi ndiye niliyemfundisha Ibolya Kocsis kusoma Kiingereza, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Miaka ishirini nilifundisha Kirusi katika shule ya kijiji chetu. Kisha nchi ikageuka, Kirusi kikatupwa nje, na sisi walimu wake tukapelekwa kozi ya harakaharaka tukarudi tukiitwa walimu wa Kiingereza. Nilikuwa nawatangulia wanafunzi wangu somo moja tu. Wiki niliyougua mafua, tulikuwa sawa.

Ibolya alikuwa msaidizi katika chekechea yetu. Ndiye aliyefunga kamba za viatu, aliyefuta matapishi, aliyewalaza watoto mchana na kukaa nao mpaka wapitiwe na usingizi. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na saba, naye aliweza kumtambua kila mtoto wa kijiji kwa kilio chake. Walimu walikuja na kuondoka, yeye alibaki, na kila mwalimu mpya alijifunza kazi kwa kumtazama yeye. Alipofika miaka arobaini na saba akachoka kutazamwa. Akajiandikisha chuo cha ualimu mjini, masomo ya Ijumaa na Jumamosi, kwa treni, miaka minne.

Mumewe Dezső, fundi wa matrekta, alimsindikiza kila Ijumaa kwa mdomo tu.

"Haya, profesa anaondoka! Profesa, supu iko wapi?"

"Iko kwenye sufuria, Dezső. Kama huijui sufuria, kaulize kwa jirani."

Alimaliza mitihani yote, na ule wa mwisho alipata alama za juu kabisa. Lakini huku kwetu Hungaria hilo halikutosha. Bila cheti cha lugha ya kigeni, shahada hupewi, hata ungekuwa umesoma mpaka macho yakafa. Shahada yake ilikwisha kuchapwa, ina jina lake na muhuri, imo kabatini katika ofisi ya chuo. Karani mmoja mwenye huruma aliwahi kuitoa amwonyeshe.

"Aliniacha niishike pembeni," Ibolya aliniambia. "Kisha akairudisha, akafunga kabati kwa ufunguo. Nikasema asante. Mwalimu, hebu niambie, asante ya nini?"

Sehemu ya kuzungumza alishafaulu, kwa kuwa Ibolya huzungumza hata na jiwe. Kilichomshinda ni kusoma: unapewa maandishi kurasa mbili, kisha maswali. Alikuwa ameanguka mara mbili. Na mwezi wa Februari Mwalimu Gizella, wa Darasa la Kalunguyeye, akatangaza kwamba anastaafu. Mkuu wa chekechea akamwita Ibolya ofisini akamwambia waziwazi: lete shahada kabla Agosti haijaisha, darasa ni lako. Usipoleta, natangaza nafasi. Ndipo Ibolya akaja jikoni kwangu na kikapu cha mikate midogo ya mafuta ya nguruwe.

"Mwalimu Vilma, una miezi minne ya kunitia akili."

"Akili unayo. Utakachotiwa ni Kiingereza."

"Basi tia. Mimi nitakula."

Tulikutana kila Alhamisi alasiri. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Kila neno asilolijua alisimama, akalitafuta kwenye kamusi, akaliandika kwenye daftari, na saa ya mtihani ingekuwa imekwisha akiwa bado aya ya pili. Nilimwonea huruma. Nikampa dawa ninayoitumia mwenyewe tangu siku za ile kozi.

"Sikiliza, Ibolya. Achana na kila neno. Wewe si mtoto, umeishi. Umefuga kuku, umelea watoto, umezika wazazi. Mahali usipoelewa, jaza kwa unachokijua maishani. Jibu la akili ndilo jibu."

Dawa ikafanya kazi, na hilo ndilo lililoniponza. Maandishi kuhusu soko alijibu yote sawasawa. Maandishi ya bustani, yote. Akawa anamaliza kabla ya saa, anaweka kalamu chini kwa kishindo, anasema, "Haya, lete mengine." Nilivimba kichwa. Nikamwambia mwenye duka kwamba baada ya miaka hii yote nimegundua namna ya kufundisha.

Mtihani ulikuwa Juni. Nilimngoja nje, chini ya dirisha la jengo, na alipotoka uso wake ulikuwa unawaka. Alinishika mabega yote mawili.

"Mwalimu! Yalikuwa yanatuhusu sisi! Chekechea! Siku za kwanza za mtoto chekechea! Mungu amenitazama leo. Kurasa mbili nzima, kazi yangu mimi!"

Tulikula keki mjini. Aliniambia atakavyopanga upya vitanda vya Darasa la Kalunguyeye, na kwamba mlangoni ataning'iniza kioo kwenye urefu wa watoto ili wajione wanapoingia. Kwenye treni alicheka peke yake dirishani. Nilifurahi hata nikaona aibu kwa furaha yangu.

Matokeo yalikuja katikati ya Julai. Alikuwa ameanguka kwa alama mbili, na mtihani mwingine haukuwapo kabla ya Septemba.

Mtahiniwa anaruhusiwa kwenda kutazama karatasi yake kwa nusu saa. Tulikwenda pamoja, lakini mlangoni akasimama.

"Tazama wewe, Mwalimu. Mimi naona haya." Akaketi kwenye kiti cha ukumbini, mkoba mapajani, na kumwandikia mwanamke wa ofisi ya mitihani kwamba ananiruhusu.

Nikakaa na ile karatasi. Dakika kumi zilitosha. Mwandishi wa yale maandishi alisema mzazi abaki darasani na mtoto wiki nzima ya kwanza, asiondoke mapema. Ibolya alijibu kwamba mwandishi anashauri kuaga kwa haraka na kwenda zako, kwa sababu ndivyo ilivyo, kila anayejua watoto anajua kwamba kuaga kwa muda mrefu kunaongeza kilio. Mwandishi alisema mtoto asiyelia siku za kwanza amezoea, hana tatizo. Ibolya akaandika kwamba huyo anyamazaye ndiye wa kutazamwa sana. Maswali manne ya namna hiyo. Hakuulizwa kweli ni ipi. Aliulizwa maandishi yanasema nini, na mahali alipokwama alijaza kwa anachokijua, kama nilivyomfundisha. Kwenye soko na bustani dawa yangu ilipita kwa bahati, kwa sababu waandishi walikubaliana naye. Huyu hakukubaliana naye.

Mtu aliyejifunza kufundisha Kiingereza sawasawa angejua jambo hilo wiki ya kwanza. Mimi sikulijua kwa miaka ishirini na tano. Watoto wangapi wa kijiji hiki walipita mikononi mwangu?

Nikatoka. Akasimama.

"Vipi?"

Nilikuwa na sentensi ulimini. Ilikuwa fupi, ningeweza kuisema kabla hatujafika ngazini. "Maandishi yalikuwa magumu," nikasema. "Magumu mno. Bahati mbaya."

"Magumu," akarudia. "Ya chekechea." Akatazama mkoba wake. "Basi kama nimeshindwa hata hayo, mimi ni kichwa maji, Mwalimu. Hakuna la kuficha."

Nikamwambia asiseme hivyo. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu.

Septemba ikaja na Dorina, msichana wa miaka ishirini na mitatu, shahada mkononi, macho ya kuogopa. Mtoto mwema, simlaumu. Ibolya alimwonyesha mahali pa mablanketi, jina la kila mtoto na nani hapendi maziwa ya moto, kisha akarudi kwenye ndoo yake. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alianza kusema, "Muulizeni Mwalimu Dorina, ndiye msomi." Mzazi akimwuliza mtoto amekula vizuri, "Muulizeni Mwalimu Dorina." Hadithi za mchana, alizozisimulia miaka yote bila kitabu, akaziacha. Fomu za hospitali akampa binti yake azijaze.

Mwaka wa pili aliingia msichana mdogo, Luca, akakaa pembeni karibu na rafu wiki tatu bila kulia wala kucheza. Zamani Ibolya angeenda kukaa naye sakafuni siku ya kwanza. Alinisimulia haya mezani kwake, akimenya viazi.

"Nilimwona, Mwalimu. Nikataka kumwambia Dorina. Kisha nikajiambia, wewe nani? Wamekuuliza kwa maandishi, umekosea. Basi huenda mtoto asiyelia amezoea, ndivyo wasomi wanavyofikiri siku hizi. Nikanyamaza. Juzi mama yake amemtoa. Mtoto alikuwa hali kitu, hata nyumbani."

Kisu chake hakikusimama. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, na chakula cha jioni kilikuwa karibu kuiva. Kwa kuwa masomo yalikwisha, mimi sasa ndiye niliyekwenda kwake kila Alhamisi. Alinihurumia kwa ujane wangu. Ningesema siku ile. Nilikula, nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Mwaka wa tatu serikali ikatangaza kwamba waliokwisha kumaliza masomo wapewe shahada zao bila cheti cha lugha. Hivyo tu, kwa tangazo. Kabati likafunguliwa. Ibolya akapanda treni, akatia saini, akarudi nayo kwenye jalada la buluu. Lakini watoto wa kijiji walikuwa wamepungua, limebaki darasa moja, na darasa hilo lilikuwa la Dorina. Mkuu alimpongeza, akamwomba samahani, akamkumbusha kwamba maji yamemwagika chooni.

Jumapili akapika kuku wa pilipili nyekundu, akatuita. Mwanawe alikuja, na binti yake na mkwe. Dezső akainua glasi ya pombe ya zambarau.

"Kwa afya ya profesa! Serikali imewahurumia wajinga!"

"Kweli kabisa," Ibolya akasema, na akacheka kabla yao. "Wametuhurumia sisi vichwa maji. Vinginevyo ningeiona nikiwa jenezani." Akampa mjukuu paja la kuku. Wote walicheka, na binti yake akasema, "Mama, si vibaya, kila mtu na kipaji chake."

Baada ya chakula Ibolya akaenda kuosha sahani. Nilimfuata jikoni, nikachukua kitambaa, nikafuta sahani mbili. Nikamwambia. Nilimweleza yote: mzazi anayebaki wiki nzima, mtoto anyamazaye, maswali manne, dawa yangu, na kwamba kosa ni la mafundisho yangu, si la kichwa chake.

Alifunga bomba.

"Kwa hiyo niliyoandika yalikuwa kweli?"

"Yalikuwa kweli. Wewe ulijua kuliko aliyeandika."

"Na hilo umelijua lini?"

"Siku ile. Ulipokuwa umekaa ukumbini."

Alikausha mikono yake polepole, kidole kimoja kimoja. Sebuleni Dezső alikuwa anasimulia jambo, na wote wanacheka.

"Nafasi ningeikosa tu," akasema. "Alama ni alama. Hiyo nakusamehe, hukujua. Lakini miaka mitatu, Mwalimu. Miaka mitatu nimewaambia wanangu mama yao ni mjinga, na wewe ulikuwa umekaa mezani pangu unakula."

Akaenda kuniletea koti langu.