Mashine Moja kwa Vichwa Vyote

Hadi leo nikisikia mashine ya kunyoa ya mkono ikisaga meno yake, damu hunichemka. Nina kipara juu ya sikio la kushoto, kiasi cha kufunikwa na kiganja cha mtoto. Sikuzaliwa nacho. Nilikipata shuleni.

Shule yetu ilikuwa upande wa Kianjai. Kila muhula ukifunguliwa tulipangwa foleni mbele ya ofisi, wasichana kwa wavulana, na mwalimu wa zamu akatunyoa wote kwa mashine moja. Haikuoshwa. Haikupanguswa hata kwa kitambaa. Aliipuliza tu, fuu, nywele za mwenzako zikakuangukia shingoni, kisha akaita, "Mwingine!" Na huo, ati, ndio ulioitwa usafi.

Nikiwa darasa la tatu, mbele yangu alinyolewa msichana mwenye mashilingi, yale mabaka ya mviringo yanayokula nywele na kuacha magamba meupe. Niliyaona. Niliogopa kusema. Baada ya wiki chache nami nikaanza kujikuna, na mwalimu yule yule akanisimamisha mbele ya darasa akasema kwetu nyumbani hatujui sabuni. Sabuni! Mama alikuwa akitusugua mpaka tunalia.

Maneno hayo yalimchoma mama. Akachukua gunzi la mahindi, akanisugua nalo kichwani mpaka damu ikatoka, kisha akapaka mafuta taa. Kila jioni. Nikipiga mayowe ananiambia, "Nyamaza, unataka tuchekwe?" Kichwa kikafura, kikatoa usaha, nikashindwa kulalia upande huo. Alipokubali hatimaye kunipeleka hospitali, daktari alikunja uso. Alisema ugonjwa umejificha kwenye mizizi ya nywele, mafuta ya kupaka hayaufikii, na kusugua kunauzidisha tu. Unataka vidonge vya kumeza, wiki nyingi bila kuruka siku. Nilivimeza. Kidonda kilipona, lakini pale mizizi ilikuwa imeshakufa. Nilimkasirikia mama miaka mingi, sitaficha. Lakini si mama aliyekuwa na mashine.

Nikaolewa Mikinduri, nikapata binti mwenye nywele nzito ajabu. Siku ya kwanza ya darasa la kwanza nilimnyoa mwenyewe nyumbani, kwa wembe mpya, nikampeleka. Tukakuta foleni. Tukakuta kiti. Tukakuta mashine!

"Mwalimu, huyu nimeshamnyoa," nikasema. Alikuwa kijana, wa kuwa mdogo wangu.

"Mama, hapa kila mtoto anapita kwa mashine. Tukikuachia wewe, kesho kila mzazi atakuja na yake."

"Basi ifute kwanza. Spiriti hii hapa, nimebeba."

"Mama, unatuchelewesha."

"Kwani mtoto wake ni wa dhahabu?" mzazi mmoja akanung'unika nyuma yangu.

Mtoto aliyekuwa akitoka kwenye kiti alikuwa na baka jeupe nyuma ya sikio. Binti yangu ndiye aliyefuata, na alikuwa amening'ang'ania sketi. Haki ya Mungu, niliona giza. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, ambacho siku zote sikivui mbele ya watu, nikaketi kwenye kile kiti cha mbao mbele ya shule nzima.

"Anza na mimi."

Akainua mashine. Akaona kipara. Mkono ukakwama hewani, akarudi nyuma hatua nzima.

"Hapana, mama. Hiyo kitu yako itaingia kwa mashine."

Kovu kavu la miaka zaidi ya ishirini, lisiloweza kumwambukiza hata nzi!

"Kumbe unajua inaambukiza," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka langoni. "Miaka yote hii mnajua, na bado mnawapulizia watoto wetu! Mnawapulizia tu!"

  Mwalimu aliichukua chupa yangu ya spiriti, akalowesha kitambaa, akaanza kufuta meno ya mashine, moja moja, kwa makini, huku akikitazama kichwa changu. Mashine yenyewe haikuwa imenigusa hata unywele mmoja.