Makofi ya Magharibi Katonga

Jua lilipozama, wakapiga makofi. Nakuambia kweli, rafiki yangu. Watu wazima na akili zao, wamekaa kwenye viti vya plastiki wameelekea ziwani, bia mkononi, jua linateremka nyuma ya milima ya Kongo kama linavyoteremka kila siku, nao wanalipigia makofi. Mmoja akapiga na mluzi. Mimi niligeuka ghafla hadi nikamwaga soda yangu, kwa sababu hapa Katonga, pwani ya wavuvi nilikokulia, makofi ya saa hiyo yalikuwa na maana moja tu: kuna mtu anaitwa. Kijana wa baa akaja na kitambaa, akafuta meza, akanifariji. "Usijali dada, machweo ya hapa huwachanganya wageni wote." Wageni. Nikaagiza soda nyingine.

Pale wenye baa walipopanga viti vyao ndipo tulipokuwa tunaanika dagaa. Wamemwaga kokoto, wamepanda maua, na wanachoma sijui udi gani kufukuza harufu ambayo bado imo kwenye mchanga na itaendelea kuwamo wao wakishafilisika. Jamaa mmoja wa Dar, meza ya pili kutoka yangu, alikuwa anajirekodi kwa simu: "Huku ni utulivu mtupu, jamani, yaani roho inatulia." Nyuma ya kichwa chake spika kubwa kuliko jokofu ilikuwa inadunda. Alilazimika kurudia mara kadhaa ili maneno yake kuhusu utulivu yasikike.

Basi ngoja nikuambie magharibi ya Katonga ilikuwaje, wewe angalau utanisikiliza. Kwanza ilikuwa kazi. Nani alikuwa na nafasi ya kutazama jua? Jua likianza kuwa jekundu, bibi yangu mzaa mama alikuwa ameshaniita, ungo mkononi, tuanue dagaa kabla umande haujawaharibu. Unakusanya kwa viganja, unapepeta mchanga, unajaza gunia, mgongo unauma na magamba yamekuganda hadi kwenye nyusi. Jikoni ugali wa muhogo unasubiri kusongwa, na migebuka, samaki wetu wa ziwani, iko kwenye mawese, harufu yake inakuvuta tumbo. Huku wanaume wanapampu karabai zao, zile taa za mafuta za kuvutia dagaa, zinavuma ssss, mitumbwi inasukumwa majini. Halafu wanaondoka, mvumo unafifia, na pwani inabaki na wanawake, watoto, na rangi ile ya zambarau inayopanda kutoka majini kuja kwenye miguu yako. Sikatai, ilikuwa inanitia huzuni isiyo na sababu. Kila mtoto wa pale aliijua.

Na ilikuwa kimya kweli. Kwetu kulikuwa na mwiko: jua likishagusa milima ya Kongo, jina la mtu haliitwi kwa sauti kando ya maji mpaka kuwe giza kabisa. Wazee walisema ziwa likisikia jina saa ile hulishika, na likishalishika litamtaka na mwenyewe. Kwa hiyo ukimtaka mtu unapiga makofi, anageuka, unamwita kwa mkono. Hata maneno ya kawaida yalisemwa kwa kunong'ona. Jirani yetu, muuza mawese ambaye mdomo wake ulifunguliwa na jogoo na kufungwa na adhana ya isha, saa hiyo alikuwa bubu. Hata mwalimu wetu, aliyetufundisha asubuhi kwamba miiko ni ujinga wa kale, jioni alikuja kununua samaki akipiga vikofi vyake vidogo, taratibu, kama asiye na elimu yoyote.

Wageni wangeupenda sana ukimya ule. Mimi niliuishi, na nitakuambia ulitumika kwa kazi gani.

Mama yangu alikuwa na biashara ndogo. Alipeleka sabuni na vitenge Mwamgongo, kule kaskazini ya hifadhi ya Gombe ambako hakuna njia ila ya maji, akarudi na dagaa. Nilikuwa darasa la pili alipoondoka safari moja, nywele amesuka upya, akaniahidi viatu vya shule. Hakurudi siku aliyosema. Boti ya Mwamgongo ilishusha abiria kwenye gati ya Kibirizi, kisha nahodha, ambaye alikuwa mtu wa Katonga, akaileta kulala kwetu saa ya magharibi pamoja na abiria wa kwetu. Kwa hiyo kila jioni niliacha ungo nikasimama majini nikiangalia nani anashuka. Wakashuka wote, mama hayumo.

Nikauliza. Mchana nilimuuliza jirani, akasema, "Subiri boti ya jioni, mwanangu, utamwona." Jioni boti ilipokuja bila mama nikamuuliza tena, akaweka kidole mdomoni: "Shh. Magharibi hii." Mwalimu nilimuuliza shuleni, akasema masomo kwanza, hayo tutaongea pwani. Pwani akanipiga vikofi viwili begani na kunionyesha jua. Nahodha ndiye aliyenikwepa kabisa, alikuwa anafunga kamba moja hiyo hiyo mpaka niondoke. Unaona walivyoipanga? Mchana nisubiri jioni, jioni ninyamaze. Mtoto ukimzungusha hivyo anaweza kuzunguka muda mrefu, na mimi nilizunguka. Walikuwa wanajua wote. Waliheshimu mwiko, eti. Walikuwa waoga, basi, na giza likiingia kila mmoja alikwenda kula ugali wake.

Bibi naye alikuwa hajui, au alikuwa hataki kujua, mpaka leo sina hakika. Kila usiku alimwekea mama sahani yake, akaifunika, na asubuhi akanipa mimi nile kabla ya shule. Ila nilianza kumwona jioni anaanua dagaa huku uso uko ziwani, mchanga hautoki vizuri, na wanunuzi wakaanza kulalamika.

Kisha ikaja jioni moja, boti ikafika, mama hayumo. Bibi akaweka ungo chini. Akampigia nahodha makofi. Nahodha akaja, amevua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?" Aliuliza kwa sauti ya mchana. Watu wakageuka.

Nahodha akanong'ona, "Mama, magharibi hii. Tuyaache hadi asubuhi."

"Asubuhi uliniambia jioni. Sema hapa hapa, na mtoto asikie."

Nahodha akaangalia kofia yake. "Hayupo Mwamgongo, mama. Alipanda boti ya Burundi na yule mfanyabiashara wa vitenge. Safari ile ile aliyoondoka. Akaniambia nisiseme."

"Na nani mwingine anajua?"

Bibi akamtazama jirani, akamtazama mwalimu na samaki wake kwenye mfuko, akawatazama wote mmoja mmoja bila haraka. Pwani nzima ilikuwa imepata kitu cha kuangalia chini.

Bibi akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaingia ziwani mpaka magotini, akaita jina la mama yangu. Silitaji hapa, ni letu. Aliita kwa sauti yake yote, akaita tena, na maji yalikuwa yametulia kiasi kwamba sauti ilikwenda hadi kwenye mitumbwi na karabai mbili tatu zikasimama. Jirani akashika kichwa. "Mama, utamuua mwanao!"

"Mwanangu ni mzima," bibi akasema bila kugeuka. "Amepanda boti."

Tulirudi nyumbani, mimi nimemshika kitenge kilicholowa. Akasonga ugali, akapakua, na sahani ya mama hakuifunika. Akaisogeza mbele yangu. "Kula. Mama yako haji leo, na kesho usiende kumsubiri. Siku akija atatukuta." Nililia nikiwa nimeshika tonge. Hakunibembeleza na hakuninyamazisha. Mgebuka ulipoa, mawese yakaganda pembeni ya sahani, nikaula hivyo hivyo, na usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu mama aondoke.

Jirani alitununia kwa siku nyingi, akisubiri ziwa limchukue mtu. Halikumchukua mtu. Mama yuko hai hadi leo, nasikia ana watoto wengine huko huko na duka. Sijamtafuta. Wananiuliza kama namchukia, nawaambia hapana, wa kumchukia inabidi umfahamu kwanza.

Karabai zimekwisha, sasa ni taa za sola, nyeupe, hazivumi. Jirani kafa, mwalimu kafa, na boti za siku hizi zina namba za simu za nahodha zimeandikwa ubavuni, mtoto akitaka kujua mama yake yuko wapi anapiga. Vizuri. Na bado, nikisema ukweli, nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikiitamani ile saa ya zambarau na harufu ya dagaa, nikajidharau kidogo pia. Jamaa wa Dar aliniona nafuta macho, akainama kuja kwangu kwa huruma. "Umekumbuka utulivu wa zamani, eh dada?"

Nikamwambia utulivu wauchukue wao, waujaze kwenye simu. Mimi nimemkumbuka bibi yangu. Pwani hii ilikuwa imejaa watu wazima wenye heshima zao, na ni mmoja tu aliyeona kwamba mtoto anastahili kujibiwa.