Shemeji Ondoga, Mdomo Wangu

Shemeji yangu Ondoga hana kazi inayojulikana, lakini hapa Pajulu hakuna mkutano wa ukoo wao unaoanza bila yeye. Katika ukoo huu mke hasemi na wazee wa mume moja kwa moja. Anamwambia shemeji, shemeji anawafikishia. Ondoga ni mdomo wa wake wote wa boma letu, na wote tunajuta.

Kipaji chake ni kufupisha. Nilipokuwa msichana, kaka yake Anguyo alimtuma kuniposa. Nilimjibu kwamba nitafikiri kwanza, maana nimesikia huyo kaka yake ni mlevi. Ondoga akaenda kusema, "Amekubali." Ndivyo nilivyoolewa.

Mwaka huu Anguyo alileta mke mwingine kutoka Koboko, jina lake Sandra, akataka kumpa shamba langu la muhogo. Shamba hilo lilikuwa kichaka. Nililifyeka na kulilima mwenyewe, mimba ya mwanangu Peace tumboni. Mkutano ukaitwa. Wazee wakakaa kwenye viti, mimi kwenye mkeka, mbuzi wa kuchinjwa amefungwa katikati.

Nilimweleza Ondoga yote mpaka koo likakauka. Akasimama, akakohoa.

"Mama Peace anasema asante kwa kuja. Hiyo shamba, mutaona wenyewe."

"Sikusema hivyo!"

"Nyamaza wewe," akafoka Anguyo. "Mdomo yako iko pale, imesimama."

Nikamgeukia mbuzi. Mila inanikataza kusema na wazee. Kusema na mbuzi, hakuna aliyenikataza.

"Wewe mbuzi," nikapaza sauti, "nani alifyeka kile kichaka? Anguyo? Siku ile Anguyo alikuwa amelala kwenye mtaro, suruali iko kichwani!"

Mbuzi akalia, "Meee!"

"Unaona? Hata wewe unakumbuka."

Wazee wakaangua kicheko. Anguyo akaruka juu. "Mzee, mwambie anyamaze!"

Mzee Aliga, mkubwa wa ukoo, akajifuta machozi. "Nimwambie nini? Hajasema na mimi." Kisha naye akainama. "Mbuzi, muulize mama, huyu Sandra atalima wapi?"

"Mbuzi, mwambie mzee, nyuma ya nyumba ya Ondoga kuna kichaka kizuri. Anguyo ashike jembe."

"Shemeji!" Ondoga akapiga kelele. "Pale si ndiyo mahali yangu ya kulala mchana?"

Mzee Aliga akakata shauri: shamba ni langu. Akasema pia kwamba shahidi hachinjwi, basi wazee wakala maharagwe. Ondoga, aliyekuwa ameahidiwa maini, akanuna mpaka mashavu yakavimba.

Jioni akaja jikoni kwangu, mpole kama bwana harusi.

"Shemeji, njaa iko mingi. Hata muhogo tu."

Nikaugeuza mwiko kwenye chungu, nikamtazama mbuzi mlangoni.

"Anasema ameshiba," nikamwambia mbuzi. "Anasema asante."