Pua Nyeusi ya Treni ya Malachy

Colman Heneghan alikuwa mtu wa rangi. Kwa miaka ishirini na saba alisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Claremorris, akikoroga rangi za milango na mageti, na alijivunia kwamba ukimletea kipande cha plasta kisichozidi ukucha, atakutolea rangi ileile bila kufungua kitabu. Nyumbani, chumba ambacho mkewe Nuala alikitaka kiwe cha kushonea kilikuwa kimejaa vichwa vya treni vya mfano, kila kimoja urefu wa kiatu cha mtoto, na vyote vya reli za Ireland. Miaka ile hukuweza kuvinunua dukani vikiwa tayari. Ulikata bati mwenyewe, ukalehemu, ukapaka, na ukiharibu ulianza upya. Wengine walimshinda kwa kukata na kulehemu, lakini kwenye rangi hakuwa na mpinzani.

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nane mchana, wapenzi wa vitu hivyo walikutana kwenye ukumbi wa parokia, wanaume kumi na mmoja na birika moja kubwa la chai. Mwenyekiti wao, Jarlath Mullarkey, alikuwa daktari wa mifugo mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika hadi barabarani. Walibishana juu ya mambo ambayo wake zao hawakuamini kwamba watu wazima wanaweza kuyabishania: kama mstari mweupe ulipita juu ya kitasa cha mlango au chini yake, au ni mwaka gani hasa kijani kiliondoka na nyeusi ikaingia. Ubishi ukipamba moto, Jarlath alimgeukia Colman na kusema, "Haya, hakimu atoe hukumu." Colman akahukumu. Aliizoea ile sekunde ya ukimya kabla hajafungua mdomo. Dukani hakuna aliyenyamaza kumsikiliza.

Oktoba ya mwaka 1994 aliingia mwanamke ukumbini, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Alikuwa Attracta Prendergast, dada yake Malachy, yule fundi wa yadi ya stesheni aliyefariki masika yaliyopita. Hawa wawili hawakuoa wala kuolewa. Waliishi pamoja kwenye nyumba ya wazazi wao maisha yao yote. Alibeba kopo la biskuti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

"Samahanini," alisema. "Mimi sijui lolote kuhusu treni. Malachy alinikataza hata kuzifuta vumbi. Lakini hiki alikitengeneza kwa miaka minne, nikasema kabla sijakiweka kabatini, wanaojua wakione."

Akafungua kopo, akafunua taulo iliyokuwa ndani. Kilikuwa kichwa cha treni ya dizeli cha miaka ya sitini mwanzoni, na kilikuwa kizuri. Colman alikiona uzuri wake papo hapo, na baadaye hilo ndilo lililomtesa kuliko yote: kwamba alikiona. Fremu za madirisha zilikuwa nyembamba kama unywele. Kijani chake kilikuwa kijani chenyewe, ambacho Colman alikihangaikia miaka mingi bila kukipata sawasawa. Kitu kama pilipili kikamchoma kifuani. Kisha akaona pua. Mwili wote ulikuwa wa kijani, lakini pua ilikuwa nyeusi, na imepakwa kwa brashi nzito, bila ulaini.

"Hakimu?" Jarlath akauliza.

"Kazi nzuri," Colman akasema, akikigeuza mkononi. "Ila, dada Attracta, hii pua kaka yako aliipaka akiwa nyumbani au akiwa baa?"

Wakacheka. Kicheko kikampa nguvu.

"Hivi vichwa nilianza kuvitazama nikiwa na kaptula. Hakuna hata kimoja kilichotembea katika nchi hii kikiwa kijani na pua nyeusi. Hakuna. Hiki ni mbwa aliyechovya mdomo kwenye lami!"

Jarlath alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Attracta naye alicheka kidogo, kama anavyocheka mtu asiyetaka kuonekana mkorofi kwa wenyeji.

"Lakini alisema kilikuwa hivyo," alisema. "Alisema alikiona."

"Watu huona mengi, dada."

Akakifunika kwa taulo, akakirudisha koponi, akashukuru kwa chai ambayo hakuimaliza.

Jumatatu asubuhi Attracta alikuwa dukani, mbele ya kaunta. "Bwana Heneghan, kile kijani sahihi, unaweza kunitengenezea kidogo? Sitaki watu wamcheke Malachy."

Colman alifurahi. Alikoroga kichupa kimoja kidogo, akakataa malipo, akamwekea na kipande cha msasa. "Kwaruza ile nyeusi kwanza, polepole, mpaka uone bati. Usipake juu yake, itavimba kama malengelenge." Alimchagulia hata brashi. Jioni alimsimulia Nuala jinsi alivyomsaidia yule mama, na Nuala akasema, "Umefanya vizuri."

Januari, Bridie, dada mkubwa wa Colman, alipiga simu kutoka Coventry, Uingereza. Alikuwa anatimiza miaka hamsini na mitano na wanawe walitaka picha zake za ujana. Colman akateremsha kopo la slaidi, zile picha ndogo za filamu, la marehemu mama yao, akaketi jikoni, akawa anaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Moja ilikuwa na mwandiko wa mama pembeni: *Stesheni, siku Bridie alipoondoka, Agosti 1962.* Aliipiga Colman mwenyewe, akiwa na miaka kumi na sita, kwa kamera ya mjomba. Bridie amesimama na sanduku, kitambaa mkononi. Nyuma ya bega lake, karibu kabisa, kimesimama kichwa cha treni cha kijani.

Pua yake ilikuwa nyeusi.

Alichukua kioo cha kukuzia. Akafuta slaidi kwa shati. Akatazama tena, akitafuta kivuli, moshi, kasoro ya filamu, chochote. Hata ile brashi nzito ilionekana.

Hakumwambia mtu. Slaidi nyingine akazipeleka kutengenezewa picha za Bridie. Hiyo moja akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Alijiambia kwamba Attracta hajui tofauti, kwamba yule mama ameridhika, kwamba kumwambia sasa ni kumwumiza bure. Sababu zote zilikuwa nzuri, na zote zilimwacha yeye salama. Kanisani Attracta alimsalimia kila Jumapili, naye aliitikia akitazama viatu vyake. "Unaumwa?" Nuala alimwuliza. "Chakula unakichokoachokoa tu." Akasema ni tumbo.

Mkutano wa Februari, Jarlath alimsimulia mgeni kutoka Athlone kile kisa cha mbwa aliyechovya mdomo kwenye lami. Alikisimulia vizuri, na watu wakacheka kama mara ya kwanza. Colman naye akacheka. Slaidi ilikuwa kifuani mwake, upande wa kushoto, na alicheka.

Wiki ya Pasaka kulikuwa na maonyesho ya kila mwaka. Ukumbi ulijaa watu kutoka miji ya jirani, treni zikizunguka mezani kati ya milima ya karatasi, sandwichi za nyama zikiuzwa mlangoni. Attracta aliomba nafasi ndogo pembeni. Alikuwa amekiweka kile kichwa juu ya kitambaa cheupe, pua ya kijani, laini, isiyo na kasoro. Mbele yake aliweka kadi aliyoiandika kwa mkono wake:

*Kimetengenezwa na Malachy Prendergast (1943–1994). Kosa la rangi ya pua limerekebishwa kwa msaada wa Bwana Colman Heneghan.*

Watu walimpa Colman mkono. "Ungwana huo, Colman." Padri mwenyewe alimgonga begani. Kila mkono ulioshika wake aliuona unamwacha na uchafu, na asubuhi ile alikwenda kunawa mara tatu.

Karibu na saa saba akaja mzee Packie Dunleavy kwa fimbo yake. Alikuwa dereva wa treni zamani, mwenye miaka themanini na mmoja. Alikiinamia kile kichwa muda mrefu.

"Binti yangu," akamwambia Attracta, "pua ya Malachy mmeipeleka wapi?"

"Ile nyeusi? Ilikuwa makosa, mzee Packie."

"Makosa gani? Hiki kilijigonga yadini kwenye kizuizi cha mwisho wa reli. Mimi nilikuwepo. Malachy alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza ameanza kazi, akapewa kuinyoosha pua kwa nyundo. Akaipaka nyeusi kwa sababu ndiyo rangi iliyokuwapo. Alipita akiwaonyesha watu, 'Hiyo ni kazi yangu, hiyo!' Kikatembea hivyo kiangazi chote."

Attracta alitabasamu kwa upole, kama anavyotabasamiwa mtoto. "Hapana, mzee wangu. Bwana Heneghan amelichunguza jambo hili. Hakikuwahi kuwapo."

Packie akamgeukia Colman, aliyesimama hatua mbili kutoka pale. "Kweli, Colman? Hakikuwapo?"

Colman akainamisha macho kwenye ile kadi.

"Basi ni kichwa changu," mzee akasema, na sauti yake ikapungua. "Mwanangu ananiambia siku hizi nachanganya mambo. Lakini hili... hili nilidhani ninalo."

Colman alikuja kukiri baadaye kwamba hata hapo alikuwa na nafasi ya kunyamaza, na kwamba aliipima. Muda ulitosha kabisa kuipima.

"Hujachanganya, mzee," akasema. Akarudia. "Hujachanganya. Kilikuwapo. Mimi ndiye niliyekosea."

Akaitoa slaidi mfukoni. Attracta akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alitazama, akashusha mkono, akatazama tena.

"Unayo tangu lini?"

"Januari."

"Hii ni Aprili."

"Ndiyo."

"Kila Jumapili unaniitikia salamu."

"Ndiyo, dada."

"Niliikwaruza kwa mkono wangu," Attracta alisema. Hakupaza sauti. "Siku mbili. Ile nyeusi ilikuwa ngumu, ameipaka mara nyingi. Nikawa namwambia, 'Malachy, nisamehe, lakini umekosea, watu wanakucheka.' Nilikuwa namsema, na yeye hayupo wa kunijibu."

Jarlath alijaribu. "Basi jamani, hata hakimu huteleza..." Hakuna aliyecheka, naye hakumaliza.

"Nitakirudisha," Colman akasema. "Nipe wiki moja, nitakirudisha vilevile—"

"Usikiguse."

Akaigeuza kadi ikalala kifudifudi. Kisha akamvutia mzee Packie kiti, akamketisha karibu naye, na mgongo wake ukamwelekea Colman.

Mkutano uliofuata Colman alisimama na kueleza yote: slaidi, mfuko wa koti, mikono aliyopewa Pasaka. Alieleza na kicheko chake cha Februari, ambacho hakuna aliyekuwa anakijua kwamba ni dhambi. "Yaishe, Colman," Jarlath akasema. "Ni rangi tu, bwana." Colman akajibu kwamba si rangi tu, na kwamba wasimwulize tena hukumu. Walidhani ni hasira za wiki mbili. Lakini miezi ikapita, na ubishi wa mistari na vitasa ukawa unaachwa bila mwisho, kila mtu na lake.

Alikwenda kwa mzee Packie kuomba radhi. Packie alimsamehe kabla hajakaa vizuri, akamsimulia tena kisa cha nyundo tangu mwanzo, akamwita na mwanawe asikilize. Colman alitegemea kutoka pale mwepesi, lakini alitoka alivyoingia.

Attracta alianza kununua vitu vyake Castlebar, mwendo wa basi, hata misumari. Wakikutana njiani alisema, "Mvua leo," naye Colman akasema, "Ndiyo, mvua," wakapishana. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Septemba, Packie alipita dukani. "Malachy aliacha madaftari manne ya yadi. Mwandiko wake hausomeki na mtu asiyejua vitu vile. Mimi macho yamekwisha. Nimemwambia Attracta akuite wewe. Alinyamaza siku tatu, jana akasema sawa."

Colman alikwenda Jumanne, siku yake ya mapumziko, amevaa koti la kanisani. Alibeba ile picha ya Agosti 1962, aliyoitengenezea nakala kubwa. Attracta aliipokea mlangoni, akaitazama akiwa amesimama.

"Dada yako alikuwa analia."

"Ndiyo. Alikuwa anakwenda Uingereza."

"Na wewe ulikuwa unatazama nini?"

"Sikumbuki," alisema, na ndio ulikuwa ukweli.

Akamkaribisha jikoni. Madaftari yalikuwa yamepangwa mezani, kalamu pembeni. Colman alisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, naye Attracta akaandika upya kwa mwandiko wake safi. Palipokuwa na neno asilolisoma alisema, "Hapa sijui," naye akaacha nafasi wazi. Zilikuwa nyingi. Mara moja tu alikisia, Attracta akainua macho, na Colman akasema haraka, "Hapana, liache hilo. Sina hakika."

Saa kumi Attracta alimpa chai na mkate wa zabibu uliopakwa siagi. Kabati la vioo lilikuwa chumba cha pili, na mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa. Colman hakuuliza kama pua imepakwa tena, wala ni nani aliyeipaka. Alikula mkate wake wote, kwa sababu kuacha kungekuwa ni kumtaka ambembeleze.

Waliposimama walikuwa hawajamaliza hata daftari la kwanza. Attracta alikusanya karatasi zake, akazigonga mezani zilingane.

"Jumanne ijayo," alisema bila kumtazama. "Saa nane."

"Saa nane," Colman akasema, akachukua koti lake.