Nyumba ya Vyumba Viwili

Mama yangu ameuza ndagala, dagaa wa ziwani, katika soko la Kalemie tangu kabla sijazaliwa, na yote ninayojua kuhusu bei niliyajua nikiwa nimekaa juu ya gunia kando yake. Muuzaji anataja bei. Mnunuzi anacheka, anataja nusu. Wanabishana, wanaulizana habari za watoto, kisha mnunuzi anasema, "Basi, tuache," anageuka na kwenda. Anakwenda polepole. Hajafika mbali muuzaji anapaza sauti: "Papa, rudia! Leta hiyo bei yako!" Anayekubali bei bila kuondoka kwanza, soko zima linamcheka, na muuzaji anabaki na uchungu kwamba hakutaja zaidi.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa, minerval, ada ya mwaka ule, ilikuwa imelipwa. Niliona tu mashua inapakia, nikataka kujua inakokwenda. Nimebeba mizigo Kigoma, nimeuza chumvi Mpulungu, nimekaa Manono karibu mwaka mzima kwa sababu nilitaka kuona madini yanavyotolewa ardhini. Kila nilipoondoka, Mama alinifungia samaki wakavu katika kitambaa na hakuuliza nitarudi lini. Kiingereza nilikiokota njiani, neno hapa na neno pale, mpaka siku moja nikajikuta nimemaliza gazeti zima bila kukwama. Niliporudi nyumbani nilianza kukifundisha nyuma ya kanisa. Wanafunzi wangu walikuwa waendesha pikipiki na wasichana waliotafuta kazi ya biro, kazi ya ofisini.

Nilirudi ziwa likiwa limepanda. Maji yalichukua kwanza choo cha Mama, kisha jiko, kisha yakaja hadi kizingitini na kukaa hapo kama mgeni asiyebisha hodi. Tuliinua kitanda chake juu ya matofali. Usiku alikohoa, na asubuhi alisema ni vumbi la ndagala.

Ndipo simu ilipoita kutoka Bujumbura. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amehamia huko, akanitaja kwa mama mmoja mwenye shule yake mwenyewe, aliyekuwa akitafuta mwalimu wa Kiingereza. Alinisikiliza nikizungumza lugha hiyo kwa muda, kisha akarudi kwenye Kiswahili.

"Vyeti unavyo, Mwalimu?"

"Sina, Mama. Niko na mudomo tu."

Alicheka sana. Akataja mshahara, na chumba kimoja ndani ya uwanja wa shule. Nikamwambia niko na mama yangu, na nyumba yake imeingiliwa na maji. Aliahidi kupiga tena kesho.

Kesho yake Mama hakwenda sokoni. Alikaa kitandani, miguu imening'inia juu ya sakafu yenye unyevu, nami nikaweka simu katikati yetu ili asikie.

"Nimepata nyumba," yule mama alisema. "Vyumba viwili, huku juu mlimani. Lakini mshahara itabidi nipunguze kidogo."

Tulikuwa tumepata. Ninalijua hilo leo, na nadhani hata wakati ule nilijua. Lakini Mama alinishika goti na kunong'ona, "Usikubali mara moja. Ondoka kidogo. Atakuita."

Nikasema tunataka nyumba na mshahara wote mzima. Akasema hawezi. Moyo wangu ulidunda kwa furaha, maana nilijua hatua inayofuata.

"Basi, Mama, tuache," nikasema, nikakata simu.

Mama alipiga makofi. "Sasa hesabu hatua!"

Tulicheka. Alianza hata kupanga vyombo vya kubeba: sufuria kubwa ndiyo, meza hapana. Mchana simu haikulia. Jioni akasema, "Huyu ni mugumu, lakini ataita." Siku ya pili alinituma nikanunue uniti za kupigia simu, isije ikawa ni yeye aliyeishiwa na anangoja sisi. Siku ya tatu nilipiga mwenyewe.

"Mwalimu," yule mama alisema kwa upole, "ulisema tuache. Sikutaka kukulazimisha. Jana nilimpa mwingine."

Mama alinipokonya simu. Hakuwa amewahi kusema naye hata neno moja.

"Mama yangu, sisi tulikuwa tunaondoka tu! Hatukuenda! Ulipaswa kutuita!"

Nilisogeza sikio karibu na simu.

"Nisamehe, Mama," yule mama alisema. "Ningejua, ningewaita."

Mama aliniwekea simu mkononi, akaanza kurudisha vyombo mahali pake, sufuria kubwa kwanza. Nilimwambia kosa ni langu, mimi ndiye niliyesema neno lile. Akajibu, "Na nani alikufundisha?"

Kabla ya mwezi kwisha maji yalipita matofali. Nilimhamishia kwa mama mdogo, kando ya njia ya reli, ambako analala kwenye mkeka nyuma ya kabati la sebule, na watu wakiingia inambidi akunje miguu wapite. Bado anauza ndagala siku ambazo kifua kinamruhusu. Nimemwona mara mbili akikubali bei ya kwanza ya mnunuzi, bila kubishana, na majirani zake wa sokoni wakitazama pembeni.

Juzi nilikuwa nimekaa naye pale nyuma ya kabati. Nilidhani amelala.

"Ile nyumba," akasema, "ilikuwa na madirisha ngapi?"

Sikuwahi kuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu.

"Mbili," nikasema. "Moja kwa kila chumba."

"Yanatazama ziwa?"

"Hapana, Mama. Mulima tu."

Alifikiri kidogo, akajifunika kitenge chake.

"Basi," akasema, "ilikuwa nyumba nzuri."